Mpenzi Asiyesema Amina

Jumamosi ile soko la Ifakara lilijaa kama kihenge baada ya mavuno. Wanaume walikokota baiskeli zilizobeba magunia ya mpunga, bajaji zilipigiana honi, na juu ya gari dogo lililoegeshwa kando ya barabara vipaza sauti viwili vilitangaza kongamano la Neno kwa sauti iliyotikisa mabati ya vibanda.

Tekla alisimama nyuma ya meza ya duka lake la spea za baiskeli pale Mlabani, duka aliloachiwa na marehemu baba yake. Alivaa gauni la kitenge la bluu lenye maua ya njano, nywele amesuka twende kilioni, vidole vina grisi. Kila mteja aliyenunua kitu siku hiyo aliondoka na kikaratasi cha kualikwa kwenye kongamano.

Akaingia kijana mrefu, mkoba begani, buti zake zimeganda tope.

"Habari ya kazi, dada. Una cheni? Yangu imenikatikia njiani."

"Ninazo. Unataka ya India au ya China?"

"Nataka isiyokatika."

"Hiyo bado hawajaitengeneza, kaka. Chukua ya India."

Kijana akacheka. Alikuwa na kicheko kizuri, cha mtu asiyecheka ovyo. Tekla akamfungia cheni, akaweka kikaratasi juu yake. Kicheko kikakatika.

"Dada, mimi nimeulizia cheni. Mbingu sijaiulizia."

"Mbingu haiuzwi. Ndiyo maana nimekupa bure."

Kijana alikisoma kile kikaratasi mpaka mwisho, akakirudisha kwa mikono miwili kama mtu anayerudisha sahani ya watu. "Mpe mwingine, tafadhali. Mimi siamini. Na si kwamba sijasikia. Nimesikia mpaka masikio yameota sugu."

Tekla alizoea watu wanaopokea karatasi na kuitupa mlangoni. Huyu wa kurudisha kwa adabu alimchoma, na papo hapo akamvutia.

"Unaitwa nani, wewe usiyeamini?"

"Elineema."

Tekla akashindwa kujizuia. "Elineema! Jina limembeba Mungu na neema yake, halafu mwenyewe hataki!"

"Jina nilipewa kabla sijaulizwa," akasema, na lile tabasamu likamrudia kidogo.

Jumatatu alirudi kununua nati. Jumatano alirudi kununua spoku, na Tekla alipochungulia nje aliona baiskeli yake ni nzima kabisa.

"Kaka Elineema, hizi spoku unazila?"

"Nakusanya sababu," akajibu.

Elineema alikuwa mtaalamu wa maabara katika utafiti wa mbu. Asubuhi nyingi alivuka mto Kilombero kwa pikipiki ya kazini kwenda vijijini kutega mbu, jioni akarudi mjini na kukodolea macho darubini. Kwao ni Upareni, lakini alizaliwa na kukulia kwenye mashamba ya miwa upande wa Kidatu, ambako baba yake alikuwa mkata miwa. Mama yake alikuwa amefariki kwa ugonjwa. Hayo ndiyo aliyomwambia Tekla, na hayo ya mama alimwambia kwa sauti ya chini, akiangalia pembeni.

Simu zikaanza. Kila asubuhi Tekla alimtumia mstari wa Biblia, naye Elineema akamjibu kwa habari za mbu.

"Umeamkaje, kipenzi? Soma Zaburi ya ishirini na tatu."

"Nimeamka salama. Je, unajua kwamba mbu anayeuma ni jike tu? Dume anaishi kwa utamu wa maua."

"Hapo umenitukana."

"Nimekusifu. Jike ndiye mwenye kazi."

Tekla alikuwa akicheka peke yake dukani mpaka wateja wanamshangaa. Jumapili baada ya ibada walikwenda upande wa darajani kula samaki aina ya kitoga wa kukaanga, mafuta yakiwatiririka vidoleni, upepo wa mto ukipeperusha kilemba cha Tekla. Elineema alikuwa akimchagulia mnofu usio na miba. Lakini kila mara, kabla samaki hajaisha, Tekla alifungua lile somo.

"Eli, haya yote, mto na milima ile ya Udzungwa, yamejitengeneza yenyewe?"

"Sijui yametokea vipi. Lakini nimeona mtoto akifa kwa malaria na mama yake amepiga magoti kando. Huyo Mungu wa milima alikuwa wapi?"

Tekla alikuwa na jibu. Siku zote alikuwa na jibu, la kutoka kwa padre, la kwenye mtandao, au la kaka yake Sylvester aliyeongoza kikundi chao cha maombi. Elineema alisikiliza, akabisha, na siku nyingine alinyamaza tu akaangalia maji. Tekla alidhani ukimya ule ni dalili ya kushindwa.

Sylvester naye alikuwa na historia. Miaka michache nyuma alikuwa mlevi wa kulala mitaroni, mkewe akamkimbia. Kikundi kile kilimwokota, kikamwombea, akaacha pombe siku moja na hakuigusa tena. Tangu hapo aliamini kwamba kila binadamu yumo mtaroni, na kila mmoja anahitaji kelele ileile iliyomtoa yeye.

"Huyo kijana mlete nyumbani," alimwambia dada yake. "Unataka kuolewa na mpagani? Mlete, tumwombee kidogo tu."

"Kidogo tu, kaka. Usimtishe."

"Ana shida gani hasa?"

Tekla akasita, kisha akasema. "Mama yake alikufa kwa ugonjwa. Nadhani ndipo alipovunjika."

Jumapili iliyofuata Elineema alifika nyumbani kwao Tekla, Lipangalala, amepiga pasi shati lake jeupe, mkononi ana mfuko wa sukari na sabuni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Karibu sana. Ndiye huyu wa mbu?" Mama Theresia, mama yao Tekla na Sylvester, alikuwa mjane mnene mwenye macho ya utani. Alimpenda kijana palepale. Alimpakulia wali wa mchele mpya na paja la kuku wa kienyeji, akamkemea kwa kula kama ndege.

Mikono ilikuwa haijakauka maji ya kunawa wakati wageni walipoanza kuingia, mmoja mmoja, Biblia kwapani. Elineema akamwangalia Tekla. Tekla akainamisha kichwa.

"Ndugu yetu," Sylvester akasema, "tunataka kukuombea kidogo."

Kwa heshima ya mama mwenye nyumba, Elineema hakuinuka. Mikono ikamwangukia kichwani, mabegani na kifuani. Sauti zikapanda. Mate ya mtu yalimrukia sikioni kwa ukali wa kukemea pepo. Yeye alikaa, taya zimekaza, macho wazi. Kisha Sylvester akapaza sauti kuwapita wote:

"Tunavunja laana ya nyumba yao! Ile roho ya kukosa imani iliyomuua mama yake!"

Elineema akainuka. Akaitoa ile mikono mwilini mwake, mmoja baada ya mwingine, taratibu, kama mtu anayebandua kupe.

"Mama, asante kwa chakula," akamwambia Mama Theresia.

Mlangoni Tekla alimkimbilia. "Eli, sikujua kama atasema vile. Nilimwambia tu ili akuombee."

"Nilikuambia wewe, Tekla. Sikuuambia mkutano."

Akaondoka. Nyuma yake zile sauti zikaendelea, kwa sababu siku hiyo Sylvester alikuwa na jambo jingine la kufurahia: kabla ya maombi kufungwa, alimwekea mikono mama yake pia, akatangaza kwamba ile presha ya miaka mingi imeondoka, amepona.

Siku zikapita bila simu. Tekla alipiga, haikupokelewa. Aliandika ujumbe mrefu wa kujitetea, akatia mistari mitatu ya Biblia, akautuma. Haukujibiwa. Alasiri moja dukani hapakuwa na mteja. Akafungua simu, akaanza kusoma mazungumzo yao tangu mwanzo. Alisoma muda mrefu. Mistari, maelezo, hoja, video za wahubiri. Katika maneno yote yale aliyomwandikia hakulikuta hata swali moja la kumuuliza habari za mama yake. Hakuwahi kumuuliza jina lake. Alikuwa amejibu maswali mia ambayo moyo wa Elineema haukuyauliza, na lile moja aliliruka.

Akafunga duka mchana kweupe, akachukua bodaboda mpaka kijiji cha ng'ambo ya mto alikojua kwamba Elineema anatega mbu.

Alimkuta chini ya upenu wa nyumba ya nyasi, akifungua mtego. Elineema alimwona, akaendelea na kazi.

"Sikuja na Biblia," Tekla akasema. "Nimekuja kukuomba radhi. Habari za mama yako zilikuwa zako, nami nikazigawa. Nilijua watakuombea, nikanyamaza, nikakuacha ule ukiamini kwamba umealikwa chakula. Nilikutegea, Eli. Nisamehe. Ukitaka niondoke, naondoka, na sitakusumbua tena."

Elineema aliuweka mtego chini. Alikaa juu ya kinu kilicholazwa, akajifuta jasho kwa mkono wa shati.

"Mbona leo huna jibu la kitu?"

"Leo nina swali. Mama yako alikuwa anaitwa nani?"

Kuku wakaparua uani.

"Namkunda," akasema mwishowe. Na baada ya jina, mengine yakatoka yenyewe. "Alikuwa na kisukari. Alikuwa anajidunga sindano mwenyewe, akiimba. Alikuwa anapenda kanisa kuliko wewe. Akaja mhubiri mmoja mgeni, akafanya mkutano uwanjani. Akasema mwenye imani alete dawa zake mbele, azitupe, Mungu hashirikiani na duka la dawa. Mama akatupa. Watu wakashangilia. Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari, nilikuwa napiga kinanda kwaya ya vijana, Tekla. Mimi! Nikamwendea muuguzi nikapata dawa nyingine, nikampelekea. Akanisukuma. Akasema, mwanangu, usinijaribu. Alikufa anatabasamu, anasubiri kupona. Na siku ya mazishi wale watu walisimama wakasema, mama huyu alipungukiwa imani."

Tekla machozi yalikuwa yanamtoka, lakini hakumshika.

"Hakupungukiwa imani," akasema polepole. "Alidanganywa. Yule mtu alimdanganya mama yako kwa jina la Mungu, na hilo ni kosa kubwa kuliko matusi yote ambayo wewe ungeweza kumtukana Mungu. Na kaka yangu amekurudishia maneno yaleyale mezani kwetu."

Elineema akainua macho. "Tangu amekufa, hakuna mtu wa kanisani aliyewahi kuniambia hivyo."

"Nakuambia mimi."

"Basi niambie na hili. Mungu wako alikuwa wapi siku ile?"

"Sijui, Eli. Ninamwamini, na hilo sijui."

Ni hapo Elineema alipomsogezea nafasi kwenye kile kinu akae. Tekla alikaa. Kisha ghafla akaruka kama aliyeumwa na siafu.

"Eli! Mama!"

"Mama nani?"

"Mama yangu. Siku ile Sylvester alimwombea presha. Vidonge vyake viko dirishani, pakiti haijapungua. Nimeiona kila siku, nikadhani amenunua nyingine. Na jana alilalamika kichwa kinamuuma."

Elineema alikuwa tayari ameshainuka. Kisha akasimama, kofia ya pikipiki mkononi. "Unataka niingie tena kwenye nyumba ile?"

"Sikulazimishi. Nipeleke mpaka getini tu."

Elineema akawasha pikipiki.

Walimkuta Mama Theresia sebuleni amekaa mkekani, kichwa amekikaza kwa khanga, uso umemvimba. Sylvester alikuwa kando yake akiomba. Alipomwona Elineema alinyamaza.

"Mama, vidonge unameza?" Tekla akauliza.

"Nimepona, mwanangu. Hiki kichwa ni shetani ananijaribu."

"Mama, tafadhali. Twende hospitali."

"Nikimeza nitakuwa nimemwambia Mungu sikuamini."

Tekla akapiga magoti mkekani. "Mama, shamba letu la mpunga unaliombea kila mwaka. Mbona hujawahi kuacha kwenda kuamia, kufukuza ndege? Mbona palizi huachi? Nani alikuambia kwamba ukishika jembe umemkufuru Mungu?"

Mama akatikisa kichwa. Sylvester akadakia: "Tekla, usimtie mama mashaka. Huyo kijana ndiye anayekufundisha."

"Mwache aseme huyo kijana," Mama Theresia akamkatiza. "Nimemlisha, nina haki ya kumsikiliza. Sema, baba."

Elineema alivua buti mlangoni. Akaja akachuchumaa mbele ya mama yule, akamweleza habari za Namkunda, yote, mpaka kule kutabasamu. Hakumwangalia Sylvester hata mara moja. Hakusema neno baya juu ya Mungu wala kanisa. Alipomaliza, nje bajaji ilipita na muziki wake, ikapotea.

"Wewe unaamini nini, mwanangu?" mama akauliza.

"Siamini kitu, mama. Ila sitaki Tekla azike mama yake kwa namna niliyomzika wa kwangu."

Mama Theresia alimtazama sana. Kisha akanyoosha mkono. "Tekla, nipe maji."

Alimeza kidonge, akapangusa mdomo. "Sasa niombeeni, ndipo twende huko hospitali."

Tekla aliomba, maneno machache, bila kelele. Aliomba mama apone, akashukuru kwa vidonge na kwa mikono iliyovitengeneza. Elineema alikaa palepale, macho wazi, mkono wa mama yule ukiwa umekamata wake. Wengine waliposema amina, yeye hakusema. Mama akambinya vidole kidogo, kama kumwambia kwamba haikumchukiza.

Hospitali walimpima, daktari akaguna, akamlaza. Alitoka nje akawaambia kwamba wangechelewa kidogo, pengine angekuwa amepooza, pengine zaidi ya hapo.

Sylvester aliyasikia maneno yale amesimama karibu na ukuta. Alishuka chini taratibu mpaka akakaa sakafuni, yule mtu wa sauti kubwa, akaficha uso. Elineema alipita akaenda kununua maji, akarudi na chupa mbili. Moja akampa.

"Kaka," Sylvester akasema, hakuinua kichwa. "Maneno yale niliyosema juu ya mama yako. Sijui nitayarudishaje."

"Hayarudi," Elineema akajibu. "Lakini wale waliyasema mwaka ule wakaondoka zao. Wewe angalau umekaa." Kisha akaongeza, "Kunywa maji."

Alhamisi iliyofuata Sylvester alisimama mbele ya kikundi chake na kuwaambia kwamba kuanzia siku hiyo anayekuja kuombewa aje na dawa zake, azimeze mbele yao, ndipo waombe. Wawili walikasirika wakahama kikundi. Mama Theresia, aliyekuwa ameruhusiwa kutoka, alipiga vigelegele peke yake.

Simu zikarudi. Asubuhi ya kwanza Elineema ndiye aliyeandika.

"Umeamkaje? Mbona leo sijaona mstari?"

"Sikuwa na hakika kama unautaka."

"Siutaki kila siku. Ukiupenda sana mwenyewe, nitumie, na uniambie kwa nini umeupenda. Ila usinipe na mtihani juu yake."

Basi wakawa hivyo. Siku nyingine Tekla alituma, siku nyingi hakutuma. Elineema akaanza kuuliza mwenyewe, maswali magumu, na Tekla akawa anajibu lile analolijua na kuliacha lile asilolijua. Kugombana waligombana. Jioni moja darajani walibishana habari za Ayubu mpaka samaki akapoa, na mwenye kibanda akawauliza kama wanaachana. Wakacheka mpaka wakakohoa.

Mwaka ulipozunguka, mpunga ukiwa umepiga rangi ya dhahabu bonde zima, Elineema alimwomba Tekla watembee. Walifuata njia nyembamba kati ya mashamba, Tekla amevaa sketi nyekundu na raba nyeupe alizozionea huruma kwa vumbi. Elineema alitembea polepole, macho chini.

"Eli, mbona unatembea kama unapeleka msiba?"

"Ninaogopa. Nataka kukuomba unioe... nikuoe. Umeona? Hata maneno yananikimbia."

Tekla alisimama. Upepo ukapita juu ya mpunga. Alilisubiri neno hilo muda mrefu, na sasa lilipofika lilimwumiza.

"Mimi nitakwenda kanisani kila Jumapili, Eli."

"Nitakupeleka. Siku nyingine nitaingia, nitakaa nyuma. Siku nyingine nitakungoja nje. Padre nimekwishamwona, nikamwambia ukweli wangu wote. Hakunifukuza. Alisema lipo la kufanyika, ila nisikudanganye wala nisijidanganye."

"Nami nisikudanganye. Nitaendelea kutamani uamini. Sitakutegea tena, na sitakuzungushia watu. Lakini kutamani siwezi kuacha, na usiku nitakutaja kwa Mungu jina lako. Utaweza kuishi na hilo?"

Elineema aliwaza. "Nitaweza. Ungeacha kutamani, ningejua umeacha kunipenda. Na wewe, utaweza kuishi na mtu ambaye pengine hatabadilika mpaka anakufa?"

Hilo ndilo lilikuwa swali lenyewe. Tekla alichuma suke la mpunga, akalipukuta punje kiganjani, akaziangalia. Aliogopa. Alijua atakaa kanisani peke yake siku nyingi, wanawake wenzake wakimwonea huruma.

"Nitaweza," akasema. "Kwa kuwa nakuchukua wewe mzima ulivyo leo, siyo yule ninayemwombea."

"Na watoto?"

"Nitawafundisha ninachoamini."

"Wafundishe. Nami wakiniuliza nitawaambia ninachojua na nisichojua. Lakini, Tekla, mtoto akiugua, tunakwenda hospitali. Hapohapo. Hakuna kusubiri."

"Tunakwenda hospitali," Tekla akasema. "Ila mimi nitaomba njiani."

Elineema akamshika mikono yote miwili, ile yenye grisi isiyotoka hata Jumapili.

"Wewe omba," akasema. "Mimi nitaendesha."